Hodi ya Kobe

Mtu anayekutana na Fundi Miguu kwa mara ya kwanza hudhani ana ugonjwa wa macho. Gari likipita tu barabarani, yeye hufumba. Hafumbi kwa ghafla kama mtu aliyeingiwa na vumbi. Hufumba taratibu, kama mpishi anayeonja mchuzi, huku kichwa amekiinamisha kidogo upande wa kulia. Gari likishavuka tuta lililo mbele ya nyumba yake, hufumbua macho na kusema neno moja au mawili kwa sauti ya chini, kama anayejiambia mwenyewe. "Boljointi, kushoto." Au, "Shokapu zote mbili, maskini." Kisha huendelea na alichokuwa akikifanya. Jirani mmoja, mgeni mtaani, aliwahi kusimama naye getini akimweleza habari za ugonjwa wa mama yake, na katikati ya maelezo gari dogo likapita. Fundi akafumba macho, jirani akadhani ni kwa huruma, akazidi kueleza. Alipomsikia mwenzake akinong'ona kwamba huyu hafiki mwisho wa mwezi, nusura aanguke. Ilibidi majirani wengine waje kumweleza kwamba aliyetabiriwa kifo ni gari, si mama.

Jina la Miguu alipewa na wateja kwa sababu hagusi injini. Injini, husema, ni tumbo, na tumbo lina waganga wengi. Kazi yake yeye ni miguu ya mbele ya gari: vile vyuma, springi na vipande vya mpira vinavyoshika magurudumu na kuyafuata mashimo ya barabara bila kuwarusha waliomo ndani. Gereji yake ni ua wa nyumba yake. Ukutani spana zimening'inizwa kwenye misumari kwa ukubwa, kila moja ikiwa imechorewa kivuli chake kwa rangi ili ikikosekana pengo lionekane. Kwenye kona kuna kisiki kikubwa chenye jiriwa ya kubania vyuma. Katikati ya ua kuna shimo refu, lililojengewa kwa matofali na kufunikwa kwa mbao nene, ambalo gari huendeshwa likasimama juu yake na fundi akateremka chini kwa ngazi. Na kwenye msumari wa mwisho wa safu ya spana, mahali ambapo ungetegemea nyundo, pananing'inia mto mdogo wa kukalia, wa viraka vya vitambaa vya rangi tofauti.

Mto huo ni wa mkewe, na bila kuueleza mto huo maisha ya Fundi Miguu hayaelezeki.

Kupima miguu ya gari si kazi ya mtu mmoja. Mmoja hukaa nyuma ya usukani, injini ikiwa imezimwa, akautikisa kidogo kulia, kidogo kushoto. Mwingine yuko chini, ameweka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Kiungo kizima hutulia. Kiungo kilicholika hugonga kiganjani, mdundo mdogo sana ambao sikio halisikii na jicho halioni. Siku za mwanzo, walipokuwa wameoana karibuni na ua huu ukiwa bado na majani, fundi alikuwa na msaidizi aliyeondoka katikati ya kazi kwa hasira zake, akaacha gari la mteja juu ya shimo. Mkewe alitoka ndani na mtoto wao wa kwanza kifuani, akauliza kuna nini. Fundi akamwambia apande tu, autikise usukani, alimradi afanye kitu.

Akapanda. Mtoto alikuwa analia, basi mama akawa anambembeleza kwa mkono mmoja na kuutikisa usukani kwa mkono wa pili, na mikono yote miwili ikaenda kwa mwendo mmoja, ule mwendo wa kumlaza mtoto. Chini ya gari, fundi alihisi kitu ambacho hakuwahi kukihisi. Msaidizi wake alizoea kuuvuta usukani kwa nguvu, kila chuma kikalia kwa wakati mmoja, kama mkutano wa watu wasio na mwenyekiti. Sasa kila kiungo kilisema kwa zamu yake. Alipotoka shimoni alimwambia mkewe kwamba mkono huo asije akaubadilisha. Na hakuubadilisha, ingawa mtoto yule alikua, akaja wa pili, naye akakua.

Wateja walimwita Bi Usukani. Alikuwa mfupi, hakuweza kuona vizuri juu ya usukani wa magari makubwa, ndipo fundi cherehani wa nyumba ya pili alipomshonea ule mto wa viraka. Dereva mmoja wa lori alilalamika kwamba mama huyu analilaza lori lake, kesho halitaamka kwenda kazini. Na kweli, utingo wake aliyekuwa amekaa upande wa pili alikutwa anakoroma. Binti yao alijifunza kutambaa kwenye viti vya nyuma vya magari ya watu. Jioni, mke na mume walikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma wakipasua tairi kuukuu la lori, kwa maana enzi hizo bushi, yale mapete ya mpira yanayokaa kati ya chuma na chuma, hazikuuzwa kwenye maboksi kama sasa. Zilikatwa kwa kisu kilicholowekwa kwenye maji ya sabuni. Mke alishika, mume alikata. Harufu ya mpira iliingia kwenye nguo, kwenye shuka, na mkewe aliapa kwamba hata mkate wa asubuhi ulikuwa na ladha ya tairi. Fundi huikumbuka harufu hiyo kama watu wengine wanavyokumbuka manukato ya harusi yao.

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Gari la nyumba hii, dogo, la mgongo wa mviringo, lililopewa jina la Kobe kwa umbo lake na kwa mwendo wake, liligonga mbele kwa miaka. Kila tuta, ko! Kila shimo, ko! Fundi alikuwa akisema kesho, na kesho ilipofika ilikuwa na gari la mteja. Mkewe hakugombana naye. Alipata dawa yake mwenyewe: Kobe akigonga tu, yeye aliitika, "Karibu." Wakienda sokoni, ko, karibu. Wakirudi, ko, karibu. Mama mzazi wa mkewe, anayeishi nao katika chumba chenye dirisha la kijani linalotazama uani, na ambaye mtaa wote humwita Bibi, alipokuwa kiti cha nyuma naye aliitika, na safari nzima ikawa kama nyumba yenye wageni wengi.

Kisha binti yao, aliyeolewa mji wa mbali, akajifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, mdogo kiasi kwamba baba yake aliogopa kumshika. Mkewe alifunga safari ili akamlee mzazi. Asubuhi ya kuondoka, fundi alimpeleka stendi ya mabasi kwa Kobe. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, barabara ilikuwa na mashimo mapya, na Kobe alibisha hodi njia nzima. Mkewe aliitika, aliitika, mpaka walipokaribia stendi akanyamaza.

"Baba watoto," akasema, "mtoto huyu nikirudi naye, sitaki apokewe na makelele. Huyo mgeni wako wa mbele mpe chai aende kwao."

Fundi alimwahidi. Basi likaondoka, akalitazama mpaka lilipokata kona, akafumba macho, akalisikiliza mpaka lilipokwisha.

Alirudi nyumbani na kuanza kazi mchana uleule, bila hata kubadilisha shati. Ua ulikuwa mtulivu kwa namna isiyopendeza. Shimo lilikuwa limejaa maji ya mvua. Kazi ya kuyachota kwa ndoo ilikuwa ya mkewe siku zote, naye fundi hakuwa na moyo wa kuishika ndoo ile. Akalinyanyua gari kwa jeki, akaweka magogo chini yake, akalala chali kwenye saruji. Alitoa boljointi ya kulia, kiungo cha mviringo kinacholiacha gurudumu ligeuke, ambayo ilikuwa imelegea, akaweka mpya. Alitoa bushi za mikono miwili ya chuma, wa kulia na wa kushoto, inayoyashikilia magurudumu, akaingiza mpya kwa jiriwa, akairudisha mikono mahali pake, akakaza bolti zote kwa nguvu za mtu anayetaka kusahau jambo. Fikira zake zilikuwa ndani ya basi. Jioni akaliteremsha, akalizungusha mtaani. Kimya.

Mkewe alipopiga simu kuuliza kama mgeni ameondoka, fundi alijibu kwa fahari kwamba ameaga, na hata kikombe chake kimeoshwa.

Haikupita muda mrefu, siku moja akitoka kununua mkate, kwenye tuta la mbele ya nyumba yake mwenyewe, alisikia ko.

Hakuamini. Akarudi nyuma, akalivuka tena. Ko. Fundi cherehani, aliyekuwa kibarazani kwake na cherehani yake, aliinua kichwa akaitika, "Karibu," na fundi hakucheka.

Tangu hapo Kobe akawa ugomvi wake wa kila siku. Wateja walipokwisha, alilinyanyua gari kwa jeki, akaweka magogo, akalimulika kwa tochi. Kila kitu kilikuwa kizima. Alibadilisha shokapu. Ko. Alibadilisha linki ndogo za pembeni. Ko. Alikwenda kwa muuza vipuri kumshutumu kwa kumuuzia boljointi mbovu, kwa kuwa mlio ulitoka upande wa kulia, na muuza vipuri, aliyemfahamu tangu enzi za kukata tairi, alimwuliza kwa upole kama amekwisha kumpeleka Kobe kwa Fundi Miguu. Mtaa mzima uliichukua habari hiyo. Waliokuja kutengenezewa magari walimsalimia kwa kuuliza hali ya mgonjwa wa nyumbani. Na kila jioni simu ililia, mkewe akauliza habari za mgeni. Fundi hakuweza kusema kweli, wala hakuweza kusema uongo mzima. Alijibu kwamba mgeni yupo mlangoni, anavaa viatu.

"Viatu gani hivyo?" mkewe alimwuliza siku moja. "Vya kamba?"

Kilichomwumiza si kicheko cha watu. Mkewe alimweleza katika simu hizo jinsi mtoto alivyo. Alikuwa anaongezeka uzito, ananyonya vizuri, ila usingizi wake ulikuwa mwepesi kama karatasi. Kijiko kikidondoka jikoni, alishtuka na kulia mpaka akaishiwa pumzi, na ikachukua muda mrefu kumtuliza. Fundi alimsikia mara moja, kilio chembamba nyuma ya sauti ya mkewe, akasogeza simu sikioni kama anayeweza kumkaribia. Hakuwa amemwona mjukuu wake ila kwenye picha. Kutoka stendi hadi nyumbani kuna matuta mengi kuliko miti. Alijua kila moja.

Mwisho habari ikaja: daktari amemruhusu mtoto kusafiri. Mke, binti na mjukuu wangefika mwisho wa juma. Rafiki yake, dereva wa teksi, ambaye gari lake fundi ndiye aliyelifanya litulie kama kitanda, akajitolea kwenda kuwachukua. Alisema kwa nia njema kabisa. Fundi akamshukuru, akamwambia watazungumza. Lakini usiku kucha alijigeuza kitandani. Miaka yote hiyo ameyatuliza magari ya watu, watoto wa watu wamelala ndani yake, halafu mjukuu wake wa kwanza aingie nyumbani kwa gari la kukodi, na Kobe amefunikwa turubai uani kama aibu. Aliapa kwamba kama Kobe hatanyamaza, hatalitumia gari hilo. Hangemshtua mtoto kwa ajili ya fahari yake. Lakini apate walau kujua tatizo lilipo.

Kesho yake akawaita fundi cherehani na dereva wa teksi wamsaidie kutikisa usukani. Gari lilikuwa juu ya magogo, magurudumu yakining'inia. Fundi cherehani alizoea kukanyaga mtambo wake, naye akautikisa usukani kwa kasi ya mshono, mpaka Kobe akatetemeka mwili mzima. Dereva wa teksi akamwondoa, akisema hiyo si kazi ya suruali, akaanza kuuzungusha kutoka mwisho hadi mwisho kana kwamba anaegesha mbele ya hoteli. Chini, kiganja cha fundi kilisikia kila kitu na hakikusikia chochote. Akawaambia wapumzike. Alitoka, akakaa kwenye kisiki cha jiriwa, na jicho lake likaenda lenyewe kwenye ule mto wa viraka. Ulikuwa umeshika vumbi.

Dirisha la kijani likafunguka.

"Mwanangu," Bibi akasema, "hao wanaume wanatafuta nini kwenye huo usukani? Wanauvuta kama wanamwibia mtu ng'ombe."

Fundi akajibu kwa adabu kwamba wanamsaidia.

"Wanakusaidia kuchelewa. Niteremshie huo mto, nakuja."

Fundi aliinuka kwenye kisiki. Tangu alipomwoa binti wa mama huyu hakuwahi kukaa mbele yake akiwa ameegemea, wala kumjibu akiwa na chakula mdomoni. Sasa yeye alale chini, mama mkwe akae juu? Alijaribu kumwambia kwamba kazi yenyewe ni chafu, kwamba viti vina grisi. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba anamheshimu mpaka anamchosha, na kwamba binti yake mkono ule hakuuokota barabarani.

Basi akaukung'uta mto, akauweka kwenye kiti. Lakini alipoona jinsi Kobe alivyokaa juu ya magogo, pua ikiwa hewani, akatikisa kichwa. Mteja anaweza kupanda gari lililo juu ya jeki. Yeye mwenyewe anaweza. Mama mkwe, hapana. Hilo hata usipomwambia mtu, mwenyewe utajionea aibu. Akaliteremsha gari. Akaziondoa mbao za shimo, na yale maji ya tangu siku ya mvua yalikuwa bado yamo, ya kijani, na mbu juu yake. Fundi cherehani na dereva wa teksi wakakunja suruali, wakachota kwa ndoo, kila mmoja akimlaumu mwenzake kwa kumwagia miguu. Kobe akasukumwa juu ya shimo, akasimama kwa miguu yake minne. Bibi akapanda, akakaa, akatengeneza shali yake, akaushika usukani kwa vidole kama mtu anayeshika ungo.

"Nianze?"

"Anza, mama. Taratibu."

Fundi alikuwa shimoni, kiganja juu. Juu yake, usukani ukaanza kwenda kidogo, kurudi kidogo. Na Bibi, bila kuombwa, akaanza kuimba kwa pua wimbo usio na maneno, ule ambao kila mama anao wake. Fundi akafumba macho. Kwa kitambo hakupima kitu chochote. Alisimama tu shimoni, na juu yake palikuwa na mwanamke kijana aliyeshika mtoto mkono mmoja na usukani mkono wa pili, na mlangoni kulikuwa na tairi la lori linalongoja kukatwa.

Kisha kiganja kikakumbuka kazi yake. Boljointi ya kulia: kimya. Kiungo cha usukani: kimya. Cha pili: kimya. Akahamia upande wa kushoto, na ili asiteleze kwenye matope akaushika ule mkono wa chuma kwa nyuma, pale unaposhikana na mwili wa gari, mahali ambapo hakuwa na sababu ya kupapima kwa kuwa bushi yake ilikuwa mpya, ameiweka mwenyewe.

Ta.

Alidhani ni mapigo yake ya damu. Akangoja. Usukani ukaenda, ukarudi. Ta. Akawasha tochi. Kwenye mpira ule mpya kabisa kulikuwa na ufa, na ufa ule ulifunguka na kujifunga, ukafunguka na kujifunga, kwa mwendo wa wimbo wa Bibi, kama mdomo wa mtu anayetafuna bila haraka.

Hapo akaelewa yote. Kuna sheria moja ambayo kila aliyejifunza kazi mikononi mwake aliisikia mpaka ikamchosha: bushi haikazwi gari likiwa linaning'inia. Literemshe kwanza, lisimame kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukiikaza likiwa hewani, mpira unashikwa katika ule mkao wa hewani. Gari likikanyaga chini, mpira unajipinda, na utakaa umepindwa siku zote mpaka uchanike. Siku ile ya mvua, shimo likiwa limejaa maji na roho yake ikiwa ndani ya basi, alikaza bolti zote gari likiwa juu ya magogo. Na kila alipolinyanyua tena kulitafuta kosa, gurudumu lilining'inia vilevile, mpira ukarudi kwenye mkao aliouzoesha, ufa ukajifumba. Alikuwa anamkagua mgonjwa wakati maumivu yameondoka. Hata upande wa mlio ulimdanganya, kwa sababu chuma husafirisha sauti kama mtaa unavyosafirisha umbea. Alisikia kulia jambo lililosemwa kushoto.

Akaanza kucheka. Alicheka akiwa ameegemea matofali, mpaka wimbo wa juu ukakatika.

"Kuna nini huko chini?" Bibi akauliza.

"Nimempata mgeni, mama."

"Ni nani?"

Fundi alizima tochi. "Mtu wa nyumbani," akasema.

Kazi iliyobaki haikuwa na ugumu. Alilinyanyua gari kwa jeki kando ya shimo, akautoa mkono, akausukuma ule mpira uliochanika kwa jiriwa na kipande cha bomba, na upande wa kulia vilevile, kwa maana aliukaza siku ile kwa ujinga uleule. Akaweka bushi nyingine. Bolti akazitia bila kuzikaza, za kugusa tu. Gari likateremshwa, likasukumwa tena juu ya shimo. Akamwomba Bibi akae kiti cha nyuma na fundi cherehani akae mbele, ili Kobe abebe uzito kama atakavyobeba siku yenyewe, kisha akamwambia dereva wa teksi aikandamize pua ya gari mara kadhaa mpaka itulie. Fundi cherehani aliuliza kwa nini sherehe yote hiyo kwa bolti. Alipoelezwa, akasema mbona hilo ni jambo la kawaida kwao pia: suruali ya mtu haipimwi amechuchumaa, akisimama itamdhalilisha. Fundi Miguu, kutoka shimoni, akakubali kwamba kumbe wamekuwa wakifanya kazi moja. Ndipo akakaza.

Wakaenda kulijaribu, yeye na Bibi. Walipita njia yote ya stendi, tuta la shule, mtaro uliozibwa vibaya, ile kona yenye jiwe. Kobe alikwenda kimya kama mtu aliyevaa soksi. Kwenye tuta la mwisho fundi alijikuta amevuta pumzi akingoja, si mlio, bali sauti ya kuuitikia. Haikuja. Aliisikia nafasi yake tu.

"Limekuwa gari la watu wengine," Bibi akasema kutoka nyuma.

Fundi akakubali, na akaona ajabu kwamba kitu alichopigania kwa siku zote hizo, alipokipata, kilimtia huzuni kidogo.

Siku ya kufika wageni, Fundi na Bibi walitangulia mno stendi. Kobe ameoshwa mpaka kwenye mikunjo ya matairi, viti vimefutwa mara mbili, na ule mto wa viraka umefuliwa na kuwekwa kiti cha mbele, mahali pa mkewe. Kiti cha nyuma Bibi amejitandikia shuka laini la kumpokelea kitukuu wake, naye amekaa kandokando yake wima, hataki kulikunja. Stendi imejaa watu, wabeba mizigo na wauza maji. Dereva wa teksi naye yupo, ameegesha nyuma yao, akidai amekuja kwa shughuli zake.

Simu imekwisha kulia mara moja. Ni mkewe, anasema wamevuka daraja kubwa, mtoto amelala, na kama mgeni bado anavaa viatu aseme sasa. Fundi alimwambia ameondoka, safari hii kweli. Mkewe akasema ataamini akikaa mwenyewe garini. Lakini fundi hakusikia maneno tu. Nyuma ya sauti yake, basi lenyewe lilikuwa linalia: kwi, kwi, ndefu, kisha kwi moja fupi. Springi za nyuma, upande wa kulia, hazijaona grisi tangu zilipotengenezwa.

Kwa hiyo sasa hahitaji kutazama. Ameteremsha kioo, mikono iko juu ya usukani, na vidole vyake vinautikisa kidogo kulia, kidogo kushoto, bila yeye kujua. Basi linaingia getini, vumbi linapanda, watu wanakimbilia mlango wake. Bibi anainua shingo.

"Ndilo hilo?"

Fundi Miguu amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande wa kulia.

"Bado, mama," anasema. "Hilo miguu yake mizima."

Jingine linakata kona.